Pikapu Mpya na Trela ya Hema: Kilomita 800 za Kwanza

Siku unapoitoa pikapu mpya kwenye yadi, simu inaanza kulia kabla hujafika nyumbani. Sijui huwa wanajuaje. Yangu ya kwanza niliichukua Barabara ya Mombasa saa nne asubuhi, na nikifika Allsops shemeji tayari alikuwa amepiga: ana friji na kabati za kuhamisha kutoka Umoja hadi Ruaka, "ni kitu kidogo tu". Jioni akapiga mwenyekiti wa chama. Kesho yake mtu wa kanisa, mwenye tangi la maji.

Mimi nakodisha hema, viti na meza. Stoo yangu iko Roysambu. Harusi ni Jumamosi, mazishi ni siku yoyote Mungu anayopanga, na mzigo wangu hautoshi nyuma ya pikapu. Lazima trela ifuate. Nimenunua pikapu mpya mara mbili maishani. Ya kwanza niliiua difu, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, kwa safari moja, nikakaa mwaka na nusu bila kujua kwamba nimeiua. Ya pili niliilea kama mtoto wa miezi miwili, na hayo malezi ndiyo nataka kukueleza, kwa sababu kila wiki naona Thika Road pikapu ambayo bado ina nailoni kwenye viti, na nyuma yake trela imejaa mawe ya kujengea.

Ya kwanza ilikuwa hivi. Siku ya tatu, mita ikisoma kilomita 90 na kitu, tulipata kazi ya mazishi Murang'a. Hema mbili za watu mia mia na mabomba yake ya chuma, viti vya plastiki 300, meza, jenereta. Kiti kimoja cha plastiki ukikiinua unaona ni chepesi, kina kilo mbili na kidogo. Zidisha kwa 300. Ongeza mabomba, ongeza trela yenyewe, na nyuma yetu kulikuwa na tani moja na nusu au zaidi. Hadi Thika hapakuwa na neno. Tulipopita Kenol na vilima vikaanza, dereva wangu alikanyaga mafuta hadi chini, gia ya tatu, kilima baada ya kilima, kwa sababu hema lazima zisimame kabla maiti haijatoka mochari. Tulifika. Tukarudi salama. Tukajisifu kwamba gari lina nguvu.

Kwenye kilomita 41,000 ndipo ilipoanza kulia. Ukifika kama 70 unasikia mluzi mwembamba chini ya kiti, ukiachia mafuta unabadilika sauti, ukikanyaga unarudi. Nilidhani ni tairi. Fundi wangu wa Kariobangi Light Industries hata hakuendesha mbali. Alienda hadi Outering, akageuza, akarudi, akalala chini ya gari na kufungua plagi ya difu. Oili iliyotoka ilikuwa kama rangi ya fedha ya kupaka geti. Kwenye sumaku ya plagi kulikuwa na vipande unavyoweza kuokota kwa kucha.

"Mama, hii ilichomwa ikiwa changa," akasema.

Nilibisha. Akaniuliza trela niliifunga lini mara ya kwanza. Nikanyamaza. Difu nyingine ilinigharimu pesa ya hema mbili mpya.

Basi akanikalisha kwenye kreti ya soda akanieleza, nami nitakueleza alivyonieleza, nikiongeza niliyosoma baadaye. Ndani ya difu kuna gia ndogo inayotoka kwa propela shafti, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi, na gia kubwa ya duara inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Zinakutana kwa kona, na meno yake hayagusani tu. Yanateleza moja juu ya jingine huku yamebanana sana. Yakitoka kiwandani yanaonekana laini, lakini yana vinundu vidogo ambavyo jicho halioni. Vinundu hivyo vinatakiwa kulainishana vyenyewe, polepole, kwa mzigo mdogo, na difu ipate nafasi ya kupoa katikati. Ukiifunga trela nzito siku ya tatu, joto linapanda kuliko oili inavyoweza kuvumilia, utando wa oili unakatika, na chuma kinakwangua chuma. Hapo jino halilainiki, linachunika. Halitavunjika siku hiyo. Litakuja kukudai ukiwa umeshasahau.

Mama yangu akinunua kinu kipya hatwangi mahindi ya kula siku ya kwanza. Anatwanga makapi, anamwaga, anatwanga tena, anamwaga, mpaka vumbi la mti liishe. Difu ni kinu.

Injini nayo ina yake, na hapa ndipo watu wengi wa Nairobi wanapokosea kwa upande wa pili. Pistoni ina ringi, na ukuta wa silinda umechorwa kiwandani mistari myembamba inayokatana, ya kushikilia oili. Ringi na ukuta vinatakiwa kusuguana mpaka vikubaliane. Kinachoisukuma ringi ikaze ukutani ni hasa presha ya moto wenyewe juu ya pistoni. Ukiendesha kwa woga, au injini ikizunguka tu bila kazi, presha hiyo ni ndogo, ringi haikai vizuri, na ukuta unaweza kung'aa kama kioo. Ukishang'aa hivyo, gari litakunywa oili na kutoa moshi miaka yote. Kwa hiyo anayekuambia pikapu mpya uiendeshe "polepole tu, usiisumbue" hajakusaidia. Isumbue, ila kwa kiasi na kwa kubadilisha.

Na jamu haihesabiki. Kutoka Roysambu hadi Ngara saa kumi na mbili asubuhi ni saa nzima ya injini na kilomita kumi za mita. Injini imezunguka bure, difu haijafanya kazi, klachi imekanyagwa mara mia mbili. Mtu akiniambia pikapu yake imefikisha kilomita 800 kwa kwenda kazini na kurudi, mimi nahesabu 300.

Namba zenyewe usizichukue kwangu. Zichukue kwenye kitabu cha gari lako, kile kilicho kwenye mfuko wa plastiki ndani ya dashibodi ambacho hakuna anayekifungua. Ila ujue kwa jumla vinasemaje. Cha Toyota Hilux kinasema kilomita 300 za kwanza usifunge breki kwa ghafla. Kilomita 800 za kwanza usivute trela. Kilomita 1,000 za kwanza usikimbie sana, usikanyage mafuta kwa ghafla, usikae kwenye gia za chini muda mrefu, na usiende mwendo mmoja muda mrefu. General Motors wa Marekani kwenye pikapu zao nao wanataja 800 bila trela, kisha wanaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kilomita 800 za kwanza *ukiwa na trela* usipite 80 kwa saa, na usiondoke kwa kukanyaga mafuta hadi mwisho. Kwa maneno mengine, malezi ni mara mbili. Kitabu cha gari lako kikisema zaidi ya hapo, kifuate, kwa sababu siku ukidai waranti hicho ndicho watakachokifungua.

(Kwa njia, zile Isuzu za D-Max zinaunganishwa hapa hapa Nairobi, pale makondakta wanapoita "General Motors" mpaka leo, ingawa kampuni ilibadilisha jina kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017. Usidhani kwamba kwa kuwa imetoka karibu haihitaji kulelewa. Chuma ni chuma.)

Nilivyozipata zangu 800

Nilitenga siku nne, za alfajiri, nyingi Jumapili. Niliwaambia wateja trela yangu iko gereji. Ulikuwa uongo, lakini kwa kazi za wiki hizo nilikodi lori dogo, kanta, na gharama ya kanta bado ilikuwa ndogo kuliko difu.

Siku ya kwanza ni Kajiado. Nilitoka Roysambu saa kumi na mbili kasoro, nikapanda Thika Road hadi Kamakis, nikashika Eastern Bypass hadi Barabara ya Mombasa, Mlolongo, Athi River, kisha kulia kuelekea Kitengela na Isinya. Kwenda na kurudi ni kilomita 200 na ushei. Barabara hiyo ina sehemu tambarare na miinuko ya pole, na alfajiri haina watu. Hii ndiyo safari ya kumfundisha gari kubadilisha mwendo. Dakika chache 60, unapanda 80, unashuka 70, unapanda 90, unashuka tena. Kwenye mwinuko mdogo unaweka gia ya nne, unakanyaga mafuta kama nusu, kutoka 60 hadi 80, bila papara, kisha unaachia mguu na kuliacha gari lijivute lenyewe. Unarudia. Abiria atakuona una wazimu. Mimi nilikuwa na binti yangu, akaniuliza kama nimekosana na mtu.

Yangu ni dizeli ya gia za mkono, kwa hiyo niliuweka mshale wa mizunguko kati ya 1,500 na 2,500 muda mwingi, mara mojamoja ukagusa 3,000. Chini ya 1,500 kwenye gia ya juu, na unakanyaga mafuta, unasikia gari likitetemeka kama linakohoa. Hiyo ni mbaya kwa injini mpya kuliko hata mizunguko mingi. Teremsha gia. Watu wanadhani gia ya juu ni kumhurumia.

Isinya tulinywa chai nusu saa. Chai hiyo ni sehemu ya kazi: injini na difu vinapoa, chuma kinajikusanya, halafu mnaanza tena. Kabla ya kuzima niliiacha ingurume dakika moja hivi ili tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ipate oili na kupoa. Gari lililopashwa moto na kupozwa mara nane limelelewa kuliko lililoenda Mombasa bila kusimama.

Expressway niliiepuka. Ni nzuri, inakutoa Mlolongo hadi Westlands kilomita 27 bila jamu, lakini utaenda mwendo mmoja mwanzo hadi mwisho na utalipia. Kama pikapu yako ina kile kitufe cha kushikilia mwendo, usikiguse mpaka upite 1,000.

Siku ya pili na ya tatu ni Mai Mahiu, baada ya mita kupita 300, maana sikutaka breki changa kwenye mteremko ule. Nilipita Northern Bypass, Ruaka, Limuru, hadi Rironi, kisha nikashuka ile barabara ya zamani ya ukingo wa Bonde la Ufa. Limuru ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi na injini ya petroli isiyo na tabo utaihisi ikichoka hapo. Dizeli ya tabo haisikii sana. Kushuka, gia ya tatu, mguu nje ya mafuta, injini yenyewe inashika gari, breki unagusa kwa awamu: unapunguza kutoka 60 hadi 40, unaachia, unaacha upepo upoze, unagusa tena. Usiikalie breki. Pedi na diski mpya zinajuana kwa miguso ya namna hiyo, na ukizichoma siku ya kwanza zitatetemeka daima. Kwenye kona kuna lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Nilisimama hapo kwa dakika kumi, nikanusa magurudumu. Harufu ya breki mpya kidogo ni kawaida. Moshi si kawaida.

Kupanda ndiyo dawa. Nyuma ya malori unaenda gia ya pili, ya tatu, ya pili, mzigo unaongezeka wenyewe bila wewe kuutafuta. Usipite lori kwenye kona ili eti uipe injini mazoezi. Nilienda mara mbili, kama kilomita 140 kila moja.

Siku ya nne ni Matuu, kupitia Thika na barabara ya Garissa, na safari hii niliweka mzigo *ndani ya pikapu*: mifuko sita ya saruji, yaani kilo 300. Huu ndio ushauri wa fundi ambao kitabu hakikuutaja na mimi nauamini. Usitoke kwenye pikapu tupu moja kwa moja hadi trela iliyojaa. Mpe mgongo uzito kidogo kwanza, difu na springi zionje. Karibu kilomita 180 kwenda na kurudi, saruji ikarudi nyumbani ilikotoka, pamoja na matikiti manne. Shughuli ndogo za mjini zilikamilisha zilizobaki, na mita ikasoma 812.

Nilipofika 1,000 nilibadilisha oili ya injini na filta. Kitabu changu hakikunilazimisha, kilitaka kuangaliwa tu, lakini nikiona oili ya kwanza inavyotoka na nikifikiria vumbi la kinu, sioni sababu ya kuibakisha. Tumia oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, na utunze risiti kama cheti cha kuzaliwa.

Wakati unangoja, tengeneza upande wa trela

Hizo wiki tatu usizikae bure. Kuna chuma cha kuvutia trela, ambacho fundi wangu anakitamka "toba", na kila nikisikia nahisi gari linataka kuungama. Toba ifungwe kwa bolti kwenye chesi, kwa matundu yaliyoachwa na kiwanda. Kuna watakaokuchomea kwa moto ukisubiri, kwa bei nusu. Usikubali. Kuchomea kunaipika chesi na kuidhoofisha pale pale panapobeba nguvu yote. Baada ya safari ya kwanza na trela, rudi bolti zikazwe tena.

Tufe la toba lina saizi. Kwetu la kawaida ni milimita 50, lakini vitu vya Marekani vina la inchi mbili, ambalo ni 50.8, na jingine dogo zaidi. Kishikio cha trela kikikaa juu ya tufe dogo kitaonekana kimefunga, na kwenye tuta la kwanza kitaruka. Soma namba iliyochongwa juu ya tufe na iliyo kwenye kishikio.

Uzito sasa. Ile tani tatu na nusu unayoisikia kwenye matangazo ni ya trela yenye breki zake. Isiyo na breki, pikapu nyingi za kiwango hiki hazitakiwi kuvuta zaidi ya kilo 750, trela na mzigo pamoja. Mimi ile safari ya Murang'a nilikuwa nimevuta mara mbili ya hapo bila breki nyuma, na mpaka leo nikikumbuka ule mteremko wa kurudi natoka jasho la mikono. Trela niliyo nayo sasa ina breki.

Na pua ya trela, ile sehemu inayokaa juu ya tufe, ibebe kama asilimia 10 ya uzito wa trela yote. Trela ya kilo 1,500, pua iwe kama 150, mradi usipite kiwango kilichoandikwa kwenye toba. Pua ikiwa nyepesi kwa sababu mzigo umewekwa nyuma ya ekseli, trela itaanza kucheza kushoto kulia kama mkia wa mbuzi ukifika 70, na ukifunga breki inazidi. Kupima si kazi. Niliazima mizani ya yule jirani anayenunua chuma chakavu, nikaipandisha juu ya matofali mpaka usawa wa tufe, nikatua pua juu yake. Ilisoma 60. Vijana wangu walikuwa wakipakia mabomba nyuma ili wayashushe kwanza. Tuliyasogeza mbele, ikasoma 140, na kucheza kukaisha.

Taa ni plagi ya pini saba. Waya wa kawaida huwa hivi: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, nyeusi na kahawia ni taa za nyuma, nyeupe ni ardhi. Nyeupe ndiyo mchawi. Ikishika kutu, ukikanyaga breki indiketa ndizo zinazowaka. Askari wa trafiki alitusimamisha Githurai kwa hilo, na alikuwa na haki. Trela pia iwe na namba yake yenyewe, zile zinazoanza na Z, si namba ya pikapu iliyoandikwa kwa chaki.

Minyororo ya usalama ivuke kama msalaba chini ya kishikio, ili ikitoka idakwe.

Kilomita 800 za pili

Mara ya kwanza kuifunga trela usiende na kazi ya mteja. Nenda na nusu ya mzigo, mahali pa karibu. Mimi nilienda Ruiru, nikanunua mkate, nikarudi. Ukisimama baada ya kilomita ishirini, zunguka ukiguse kila kikombe cha gurudumu la trela kwa nyuma ya kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuweka mkono, beringi imekazwa sana au haina grisi, au breki inashika. Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ndiyo inayosema. Kisha kaza nati za magurudumu, ya trela na ya pikapu, na uzirudie baada ya kilomita mia hivi.

Mwendo, 80 ndiyo mwisho. Utapitwa na matatu, utapigiwa honi na kila kitu chenye honi. Kubali. Kwenye kilima usingoje injini ichoke. Shusha gia mapema, kabla mwendo haujafa, na uangalie mshale wa joto. Kushuka, gia ileile ambayo ungepandia.

Klachi ndiyo itakayoumia zaidi hapa mjini. Kuondoka kwenye mwinuko wa Museum Hill ukiwa na trela, kwenye jamu ya kusogea mita mbili mbili, ni mateso. Dereva wangu alizoea kulishikilia gari kwa klachi nusu ili lisirudi nyuma. Nilimfundisha handbreki: vuta, sahau klachi, mbele pakifunguka gari mbili tatu ndipo uondoke mara moja. Ukisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, ni klachi, si mahindi ya yule mama wa kando. Rivasi ya kuingiza trela kwenye geti la ploti ya Zimmerman siwezi kukufundisha kwa maandishi. Nenda uwanja mtupu na mikebe minne, na utukane ukiwa peke yako.

Safari ya kwanza yenye mzigo kamili ilikuwa tena upande wa Murang'a, mita ikisoma 1,540. Harusi safari hii. Tuliondoka saa tisa usiku ili tusiwe na haraka, tukasimama Kenol, tukagusa vikombe vyote, tukagusa difu. Ilikuwa ya moto lakini mkono ulivumilia. Kule kwenye vilima tulienda gia ya pili na ya tatu, nyuma ya lori la mchanga, na sikumruhusu dereva alipite.

Mita ilipopita 1,700 nilirudi Kariobangi kubadilisha oili ya difu. Angalia kitabu kwanza kama difu yako ni ya kujifunga, kwa sababu hiyo ina oili yake maalumu na ukiweka ya kawaida italalamika kwenye kona. Fundi alilala chini, akafungua plagi, akatoka nayo kwenye mwanga. Oili ilikuwa nyeusi kidogo, bila rangi ya fedha. Juu ya sumaku kulikuwa na kitu cheusi laini, kama cha kupaka machoni. Akakisugua kati ya kidole na gumba kutafuta kipande chochote.

"Wanja tu, Mama," akasema, akaipangusa plagi kwa tambara na kurudi chini ya gari.